Njia Nne za Kumtafuta Mshindi Cheltenham, na Ipi Imfae Nani

Katikati ya mwezi wa Machi kila mwaka, kwa siku nne kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, mbio 28 za farasi hukimbizwa katika uwanja wa Cheltenham, magharibi mwa Uingereza, chini ya kilima cha Cleeve Hill. Msomaji anayefungua kadi ya mbio hizo kwa mara ya kwanza huweza kukuta majina ya farasi zaidi ya ishirini katika mbio moja, na kando ya kila jina msururu wa tarakimu na herufi, namba ya kiwango, uzito, jina la mkufunzi, jina la joki, na bei inayopanda na kushuka kila baada ya dakika chache. Kila kimoja kati ya vitu hivyo kina watu wanaokiapia. Mmoja atakwambia usome rekodi ya farasi na uyaache mengine yote, mwingine atakwambia umtazame mkufunzi tu, na wa tatu atakwambia usijisumbue kwa kuwa bei imeshajumlisha kila kinachojulikana. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu aliyesimama katikati ya sauti hizo na hajui aifuate ipi.

Wengi wetu tulianzia kwenye mbio za Ngong, Nairobi, ambako farasi hukimbia bila kuruka chochote, na kwa hiyo tulikuja na swali moja tu: nani ana kasi kuliko wenzake? Katika mbio za kuruka vizuizi, kama hizi za Cheltenham, hilo ni swali la pili. La kwanza ni kama farasi atafika mwisho akiwa bado na mtu mgongoni. Tarehe 11 Machi 2025, katika mbio za Champion Hurdle, Constitution Hill, bingwa wa mwaka 2023 na farasi aliyetegemewa kuliko wote siku ile, alianguka kwenye kiunzi cha tano. State Man, bingwa wa mwaka 2024, akashika uongozi, akawaacha wenzake, kisha akaanguka kwenye kiunzi cha mwisho kabisa. Aliyeshinda ni Golden Ace, farasi jike ambaye bei yake kwa wabashiri ilikuwa 25 kwa 1, yaani shilingi moja huleta faida ya 25 akishinda. Njia yoyote ya kuchagua mshindi lazima iulizwe inasema nini kuhusu siku kama ile.

Vigezo

Nimezipima njia zote nne kwa maswali yale yale matano: inadai muda na nyenzo kiasi gani, inatuambia nini kuhusu uwezo wa kuruka, inaizingatiaje ardhi na umbo la uwanja, inafaa mbio za aina gani, na inamfaa nani. Maswali mawili ya mwanzo yanaeleweka yenyewe. Haya mengine yanahitaji maelezo kidogo.

Vizuizi ni vya aina mbili. Viunzi ni vyepesi, hulala vikigongwa, na kimo chake hakipungui mita 1.07. Vizuizi vikubwa hujengwa kwa matawi yaliyoshindiliwa, havipungui mita 1.37, na baadhi vina mtaro upande wa kurukia. Farasi hodari wa viunzi anaweza kuwa hovyo mbele ya vizuizi vikubwa, kwa sababu kiunzi humsamehe anayekiburuza kwa kwato ilhali kizuizi kikubwa humsimamisha au humwangusha. Ardhi nayo hupewa jina rasmi kila asubuhi, kuanzia tope zito, kupitia laini na nzuri, hadi ngumu, na Cheltenham wasimamizi hulenga siku ya kwanza ianze ikiwa nzuri inayoelekea laini. Mvua ya usiku mmoja huweza kulibadilisha jina hilo, na pamoja nalo huwabadilisha farasi wa kuangaliwa. Uwanja wenyewe una njia mbili: ya zamani, inayotumika Jumanne na Jumatano, yenye kona za haraka zaidi, na mpya, inayotumika Alhamisi na Ijumaa, inayodai pumzi zaidi. Zote mbili huishia kwenye mlima. Farasi aliyezoea viwanja bapa hufika pale akiwa anaongoza, akanyanyua kichwa, na hatua zake zikaanza kufupika mbele ya macho yako.

Kuhusu aina, kuna mbio za ubingwa, ambamo farasi hubeba uzito sawa isipokuwa punguzo la jinsia au umri. Kuna hendikapu, ambamo farasi bora hubebeshwa uzito zaidi ili wote wawe na nafasi. Na kuna mbio za wanagenzi, yaani farasi walio katika msimu wao wa kwanza wa viunzi au wa vizuizi vikubwa.

Njia ya kwanza: kusoma rekodi ya farasi

Kando ya jina la farasi utaona kitu kama 21/F3-1P2. Husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, na iliyo kulia kabisa ndiyo mbio yake ya karibuni. Farasi huyu wa mfano alimaliza wa pili katika mbio zake za mwisho. Kabla ya hapo joki alimsimamisha njiani, ndiyo P. Na kabla ya hapo alishinda. Kistari kinatenga msimu uliopita, ambamo alianguka, ndiyo F, kisha akawa wa tatu. Mkwaju (/) unaonyesha kwamba kabla ya hapo alikaa nje msimu mzima, na hilo pengine ndilo jambo kubwa kuliko yote katika msururu huo, maana farasi hakai nje msimu mzima bila sababu. U ina maana kwamba alimwangusha mpandaji ingawa yeye mwenyewe hakuanguka, B kwamba aliangushwa na mwingine aliyeanguka mbele yake, na R kwamba aligoma. Herufi C pembeni inasema aliwahi kushinda katika uwanja huu, D kwamba aliwahi kushinda umbali huu, na CD kwamba aliyafanya yote mawili kwa pamoja. Tangu Januari 2018, kadi za Uingereza huonyesha pia kama farasi amefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa, jambo linaloweza kueleza kwa nini farasi aliyekuwa akichoka mapema ameacha kuchoka.

Njia hii hudai muda kuliko zote. Mbio moja ya farasi kumi na wawili huchukua saa nzima ukiifanya ipasavyo, kwa sababu tarakimu ni mlango tu na ndani yake kuna maelezo ya kila mbio: nani alikuwa mbele, nani alikosea kizuizi cha tatu kutoka mwisho, ardhi ilikuwaje. Maelezo hayo hupatikana bure kwenye simu, kwa Kiingereza, hivyo gharama yake ni usingizi wako.

Kuhusu kuruka, hakuna njia nyingine inayoikaribia, ila herufi F haitoshi yenyewe. Mwaka 2015 Annie Power alikuwa mbele peke yake katika mbio za farasi jike, akaruka kutoka mbali mno kwenye kiunzi cha mwisho, akaanguka. Aliyeiona F ile akamfuta kwenye daftari lake alikosa, kwa kuwa mwaka uliofuata, 2016, farasi yule yule alishinda Champion Hurdle. Kuanguka mara moja kwa kukosea hatua ni tofauti na kuanguka kwa farasi anayeruka chini chini kila wakati. Wa namna ya pili utamjua kwa neno "alikosea" linalojirudia katika maelezo ya mbio zake hata pale ambapo hakuanguka. Huyo mimi simgusi kwenye vizuizi vikubwa, hata apewe bei nzuri namna gani.

Rekodi pia ndiyo inayoonyesha ardhi na uwanja kwa uwazi zaidi. Golden Ace aliyeshangaza watu mwaka 2025 alikuwa ameshashinda katika tamasha hili hili la Cheltenham mwaka 2024, mbio za farasi jike wanagenzi, na kwa kuwa ni jike alikuwa akibeba ratili saba pungufu ya madume. Sidai kwamba msomaji wa rekodi angemtaja kuwa mshindi, lakini asingestaajabu kumwona akiupanda mlima ule bila kusitasita.

Hupwaya kwenye mbio za wanagenzi, ambako farasi ana mistari miwili au mitatu ya kusoma na yote ameshinda dhidi ya wapinzani dhaifu. Hung'ara kwenye mbio kubwa za umbali mrefu, kwa mfano Gold Cup ya Ijumaa, yenye kilomita zipatazo 5.3 na vizuizi 22, ambako kila farasi ana historia ndefu. Inamfaa mtu mwenye subira anayependa kusoma, hasa anayetaka kuwafahamu farasi na kuwafuatilia msimu hata msimu.

Njia ya pili: kiwango rasmi na uzito

Mamlaka ya mbio za farasi ya Uingereza huwapa farasi viwango kwa namba, na husahihisha namba hizo kila wiki. Katika hendikapu namba hiyo hugeuzwa moja kwa moja kuwa uzito: farasi wa kiwango cha 150 hubeba ratili kumi zaidi ya farasi wa 140. Ratili moja haifiki nusu kilo, lakini kilo nne na nusu zilizokaa mgongoni kwa maili tatu, zikirushwa juu ya vizuizi kumi na tisa au ishirini, huonekana waziwazi mlimani. Katika miaka ya 1960 Arkle wa Ireland, aliyeshinda Gold Cup mara tatu mfululizo kuanzia 1964 hadi 1966, alikuwa bora kuliko wenzake kiasi kwamba nchini mwake hendikapu zilitayarishiwa orodha mbili za uzito, moja ya kutumika akikimbia na nyingine ya kutumika asipokimbia. Kampuni ya Timeform ilimpa 212, na hakuna farasi wa vizuizi vikubwa aliyewahi kupewa zaidi ya hapo.

Kwa muda, hii ni njia ya dakika kumi. Namba zipo kwenye kadi. Kazi yako ni kuzipanga. Katika mbio za ubingwa hesabu ni nyepesi zaidi, kwa sababu kwenye Gold Cup wote hubeba ratili 164, karibu kilo 74 na nusu, na majike ratili saba pungufu, hivyo mwenye namba kubwa zaidi ndiye aliyefanya makubwa zaidi hadi siku hiyo. Kwenye hendikapu, kinyume chake, namba zimewekwa makusudi ili kuufuta ubora, na kumchagua mwenye namba kubwa ni kuisoma orodha kichwa chini. Pale hutafutwa farasi ambaye namba yake imechelewa: aliyepanda ubora baada ya kupimwa, anayeongezewa umbali kwa mara ya kwanza, au ambaye alishindwa mara mbili tatu katika ardhi asiyoipenda, namba yake ikashuka, na leo ardhi yake imerudi.

Kuhusu kuruka, namba haisemi kitu. Haijui kama farasi hufumba macho mbele ya mtaro. Kuhusu ardhi, inasema nusu tu ya maneno, kwa kuwa farasi aliyepata 158 kwenye tope hakuahidi kuwa wa 158 kwenye ardhi ngumu. Mimi huandika pembeni ya kila namba ni katika ardhi gani ilipatikana, na zoezi hilo peke yake mara nyingi hupunguza orodha ya ishirini ikabaki ya saba au wanane.

Inamfaa mtu wa hesabu, aliyezoea kupanga namba kwenye jedwali, na hasa anayependa hendikapu. Wanagenzi wengi hawajakimbia vya kutosha kwa namba zao kuaminika.

Njia ya tatu: kufuata banda

Banda ni mkufunzi pamoja na joki wake. Kwa mtu mwenye muda mchache, hakuna njia nyepesi kuliko hii, na Cheltenham inaipa nguvu. Willie Mullins, ambaye banda lake liko Closutton katika kaunti ya Carlow nchini Ireland, alipata washindi kumi katika tamasha la mwaka 2022 na kumi tena mwaka 2025. Mwaka 2024 alifikisha mshindi wake wa mia moja, Jasmin De Vaux. Mshindi huyo wa mia alipatikana katika mbio zisizo na viunzi za siku ya Jumatano, ambazo ni za farasi wachanga wasiokuwa na rekodi ya maana, na ndipo hasa njia ya banda inapoishinda njia ya rekodi: farasi hajulikani, lakini anayemfundisha anajulikana.

Tatizo lake ni kwamba banda kubwa huleta farasi wengi katika mbio moja, na hapo jina la mkufunzi haliamui kitu. Watu husema mtazame joki wa kwanza wa banda amemchagua nani. Ni ushauri mzuri wenye mipaka, na mipaka yake imeonekana hadharani. Katika Gold Cup ya mwaka 2021 Rachael Blackmore alipanda A Plus Tard kwa mkufunzi Henry de Bromhead. Aliyeshinda alikuwa Minella Indo, wa banda lile lile, akiwa na Jack Kennedy mgongoni, na A Plus Tard akawa wa pili. Mwaka 2022 Blackmore akapanda tena A Plus Tard, na safari hii alishinda kwa tofauti ya urefu wa farasi kumi na tano, Minella Indo akiwa wa pili, naye akawa mwanamke wa kwanza kushinda Gold Cup. Joki anawajua farasi kuliko sisi sote, lakini huchagua siku kadhaa kabla ya mbio, naye ni binadamu. Katika Grand National, mbio ndefu ya vizuizi vikubwa katika uwanja wa Aintree, mwaka 2025, Mullins alitwaa nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu. Aliyelifuata banda alikuwa sahihi kabisa, ila aliyeshinda ni Nick Rockett wa 33 kwa 1, aliyepandwa na Patrick, mtoto wa mkufunzi, wala si farasi wa joki wa kwanza.

Kuhusu kuruka, banda zuri ni dalili njema kwa sababu farasi hufunzwa kuruka nyumbani, na joki mtulivu humwacha farasi aione hatua yake mwenyewe. Kuhusu ardhi, kuna habari isiyoandikwa kwenye kadi: mkufunzi makini humwondoa farasi asubuhi ardhi isipomfaa, na kubaki kwake ni neno. Hata hivyo faida ya njia hii inajulikana na kila mtu, na bei ya farasi wa mabanda makubwa hubanwa kabla hujafika. Tena huwafumba watu macho wasiwaone wadogo. Norton's Coin, aliyeshinda Gold Cup ya mwaka 1990 kwa 100 kwa 1 akimwacha Desert Orchid katika nafasi ya tatu, alifundishwa na mfugaji wa ng'ombe wa maziwa huko Wales aliyekuwa na farasi wachache tu.

Inamfaa mwenye shughuli nyingi, na mgeni anayehitaji pa kushikia siku ya kwanza.

Njia ya nne: kuisoma bei

Bei ni maoni ya watu wote yakiwa yamegeuzwa kuwa namba. Waingereza huiandika kwa mtindo wa 4/1, kampuni nyingi za kubashiri za kwetu huiandika 5.00, na ni kitu kimoja. Gawa 100 kwa namba ya mtindo wetu utapata asilimia ya nafasi: 5.00 ni asilimia 20, na 26.00, ambayo ndiyo 25 kwa 1 ya Golden Ace, haifiki asilimia 4. Kisha jumlisha asilimia za farasi wote. Mbio za farasi watano wenye bei za 2.00, 4.00, 5.00, 10.00 na 10.00 hutoa 50, 25, 20, 10 na 10, jumla 115. Hizo 15 zilizozidi mia ndizo pato la anayeuza bei, na kabla ya kuamini kwamba umepata bei nzuri, jumla hiyo ndiyo ya kutazamwa.

Haidai muda wala ujuzi wa farasi. Kwa miaka mingi imejulikana kwamba kipenzi cha soko hushinda takribani mbio moja kati ya tatu, kiwango ambacho mchambuzi wa kawaida hakifikii. Kushinda moja kati ya tatu hakumaanishi faida, kwa maana bei yake imeshapunguzwa kulingana na imani hiyo. Kuhusu kuruka na ardhi, bei huyabeba yote mawili bila kuyaeleza: mvua ikinyesha asubuhi, utaona farasi wa tope akishuka kutoka 12 kwa 1 hadi 7 kwa 1, na mwendo huo ni habari kuliko namba yenyewe. Hufanya vizuri kwenye mbio za ubingwa, ambako kila farasi anajulikana. Kwenye hendikapu ya farasi ishirini, soko lenyewe linabahatisha, na hapo watu wengi huweka dau la kushinda pamoja na la nafasi, yaani la farasi kumaliza miongoni mwa wa mwanzo. Kwa masharti ya kawaida ya Uingereza, hendikapu ya farasi 16 au zaidi hulipa nafasi nne kwa robo ya bei, na mbio zisizo hendikapu zenye farasi wanane au zaidi hulipa nafasi tatu kwa moja ya tano. Shilingi 1,000 za kushinda na 1,000 za nafasi kwa farasi wa 20 kwa 1 aliyemaliza wa tatu katika hendikapu hiyo hurudisha 6,000 kwa zile 2,000 ulizotoa.

Yapo mambo mawili yanayoniumiza nikiyaona kwa vijana wetu. La kwanza ni dau la mapema, linalowekwa wiki nyingi kabla kwa bei tamu: farasi asipokimbia, kwa kawaida pesa imekwenda, isipokuwa kama uliahidiwa kurudishiwa. La pili ni mkeka, dau moja la farasi kadhaa ambao lazima wote washinde. Siku ile ya Machi 2015 farasi watatu wa Mullins waliokuwa vipenzi vya soko walikuwa wameshashinda, watu wengi walikuwa wamewaunganisha na Annie Power kuwa mkeka wa wanne, na wote walikwenda pamoja naye kwenye nyasi za kiunzi cha mwisho. Farasi wanne, kila mmoja akiwa na nafasi ya moja kati ya tatu, kwa pamoja wana nafasi ya moja kati ya 81.

Inamfaa anayetaka kujua haraka watu wanafikiri nini, na kila mchambuzi wa njia nyingine kama kipimo cha mwisho.

Neno kuhusu macho

Aliyeko uwanjani ana kitu cha tano, nacho ni duara ambalo farasi hutembezwa kabla ya mbio. Mara ya kwanza nilipokwenda nilisimama kwenye uzio, na farasi niliyemchagua kwa usiku mzima wa kusoma akapita karibu nami kiasi cha kumsikia akihema. Povu jeupe lilikuwa limejaa kati ya mapaja yake ya nyuma, shingo imelowa, na msichana aliyemshika kamba alikuwa akivutwa hatua mbili mbele kwa kila hatua moja. Nyuma yake alitembea mwingine, masikio mbele, hatua ndefu, kwato za nyuma zikikanyaga kupita alama za kwato za mbele. Wa kwanza alikuwa amechoka kabla ya kizuizi cha nne. Jasho si hukumu, maana wapo wanaotoka jasho na kushinda, na kwa hiyo silinganishi jambo hili na zile njia nne. Kwa aliye mbele ya televisheni, kamera huonyesha duara hilo dakika chache kabla ya mbio, na inafaa kutulia na kulitazama.

Kwa hali yako

Ukiwa na dakika kumi na mbio ni ya ubingwa, panga viwango, linganisha na bei, na pale vinapotofautiana fungua rekodi ya farasi huyo mmoja tu utafute sababu. Mara nyingi utaikuta ni ardhi au kuruka.

Ukiwa na jioni nzima na mbio ni hendikapu, anza na viwango ili upunguze orodha, kisha soma rekodi za waliobaki, na uiache bei hadi mwisho, kwa sababu ukiiona mapema utaanza kuisoma rekodi kwa macho ya soko. Hapa banda lisikushughulishe sana.

Mbio zikiwa za wanagenzi, fuata banda na bei kwa pamoja, na weka dau dogo kuliko kawaida yako. Zikiwa za wanagenzi wa vizuizi vikubwa, tafuta picha za mbio yao ya mwisho utazame wanavyoruka wakiwa wamebanwa na wenzao, kwa sababu kuruka peke yako mbele ni rahisi.

Kwa anayetazama na wenzake bila kutaka kupoteza kitu, bila pesa au kwa kiasi alichokitenga na kukisahau, njia ya rekodi ndiyo itakayompa raha zaidi: achague watatu, aandike sababu ya kila mmoja kabla ya mbio, kisha baada ya mbio asome tena alichoandika. Machi, tofauti ya saa kati ya Cheltenham na Afrika Mashariki ni saa tatu, hivyo mbio za mchana wa kule huangukia jioni ya Nairobi na Dar es Salaam, watu wakiwa wametoka kazini.

Na kama mvua imenyesha usiku kucha, yote uliyoyaandika jana yawekwe kando. Soma jina jipya la ardhi asubuhi, tazama nani ameondolewa, rudi kwenye rekodi ukatafute waliowahi kumaliza vizuri kwenye tope kwa umbali huo huo, na ukishapata majina matatu au manne ndipo uende kwenye bei.